Kibali cha Kusafiri Ndani ya Kichwa

Ninayoyasimulia hapa yalitokea katika Jamhuri ya Tulizana, nchi ambayo msomaji hajawahi kufika. Kama anadhani amewahi kufika, basi amefananisha, na kufananisha ni kosa chini ya sheria zetu, ingawa kwa mara ya kwanza mtu huonywa tu.

Jina langu ni Athanas Mbunju, Ofisa Uhamiaji Daraja la Tatu. Nataja cheo mapema ili ieleweke kwamba sina maoni. Ofisa wa daraja la tatu hupokea, hutazama, hugonga muhuri. Maoni huanzia daraja la pili.

Mwaka huo serikali yetu ilikuwa imetoka kuunganisha wizara ili kupunguza idadi ya viti vya kuzunguka. Wizara ya Afya iliunganishwa na Bodi ya Vinywaji, ikazaliwa Wizara ya Afya na Vinywaji, chini ya Mheshimiwa Leodgar Chambulilo, mtu mwenye umbo kubwa, sauti ya kubembeleza, na leso nyeupe ambayo haikuwahi kutoka mkononi. Siku ya uzinduzi aliwaeleza wananchi faida zake.

"Ndugu zangu," alisema, "zamani mtu alikunywa chini ya wizara moja, akaugulia chini ya wizara nyingine, na faili lake likapotea njiani. Kuanzia leo atahudumiwa na mkono mmoja, tangu chupa ya kwanza mpaka jeneza."

Tulipiga makofi kwa dakika saba.

Tulizana ina bia moja tu, nayo inaitwa Uzalendo. Shirika la Bia la Taifa, linaloitengeneza, ndilo lililotujengea uwanja wa mpira, stendi kuu, na wodi ya wagonjwa wa ini katika Hospitali Kuu, ambayo mlangoni ina kibao kisemacho: WODI HII NI ZAWADI YA UZALENDO, BARIDI DAIMA. Mwananchi asiyekunywa halazimishwi kunywa. Huulizwa tu ana tatizo gani.

Katika wodi hiyo alifanya kazi Daktari Sekunda Malibiche, bingwa wa magonjwa ya akili. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye tabia isiyofaa kiutumishi ya kuwakumbuka wagonjwa waliokufa kwa majina yao. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiwatoa watu pombe mwilini, akiwarudisha kwao, na kuwapokea tena baada ya wiki tatu wakiwa na shati lilelile. Ndipo aliposoma kwamba katika nchi za mbali wataalamu wanajaribu kitu kipya. Walevi wa kupindukia wanapewa, mara mbili tu, dawa inayotokana na aina fulani ya uyoga, ambayo humfanya mtu aone njozi akiwa macho kwa saa sita hivi. Wanapewa wakiwa wamelala chumbani, na mtaalamu ameketi kando yao. Kabla na baada ya hapo hufanyika mazungumzo marefu. Baadhi yao wanaacha pombe. Daktari akaandika ombi la kufanya utafiti huo kwetu, akitaka kujua kama dawa hiyo ingewafaa na watu wa wodi yake.

Ombi lilipelekwa kwanza Wizara ya Kilimo, kwa kuwa ni uyoga. Kilimo wakauliza kama unaliwa na ugali. Alipojibu hauliwi, wakajitoa. Likaenda Utamaduni, kwa sababu ya njozi. Utamaduni wakataka kuhakikishiwa kwamba njozi hizo zitakuwa katika lugha ya taifa. Likaenda Ulinzi, hakuna anayejua kwa nini, likakaa miezi saba, likarudi limeandikwa kwa wino mwekundu: "Tumeona." Miaka miwili ikapita namna hiyo. Kisha karani mmoja mwenye macho makali akagundua, ukurasa wa tisa, sentensi isemayo: "Baada ya kumeza dawa, mshiriki ataanza safari ya ndani."

Safari! Faili likaletwa kwetu Uhamiaji siku hiyohiyo.

Mimi ndiye niliyemhoji.

"Daktari, washiriki wako wanasafiri kwenda wapi?"

"Hawaendi popote, afande. Wanalala kitandani."

"Hapa umeandika safari."

"Safari ya ndani. Ndani ya nafsi ya mtu."

"Huko ndani tuna ubalozi?"

"Hatuna," alisema. "Labda ndiyo maana watu wengi wanapotelea huko."

Nikaandika: ubalozi hakuna. Kamishna wangu alilitafakari jambo hilo kwa siku tatu, kisha akatoa uamuzi uliosifiwa hata na gazeti la serikali. Utafiti uruhusiwe kwa watu kumi na wawili. Kila mmoja awe na hati ya kusafiria yenye picha. Ofisa Uhamiaji awepo chumbani kugonga muhuri wa kutoka na wa kurudi, na atakayoyaona msafiri yaandikwe na kupelekwa kwenye Kamati ya Kitaifa ya Maono, iliyoundwa jioni ile. Nilichaguliwa mimi kwa sababu nagonga muhuri bila kelele.

*

Mshiriki wa tatu alikuwa Mwalimu Gervas Ndomondo. Alifundisha jiografia kwa miaka ishirini na miwili, akafukuzwa kazi. Nisieleweke vibaya: hakufukuzwa kwa ulevi, ulevi si kosa. Alifukuzwa kwa kushindwa kuhudhuria Siku ya Michezo ya Uzalendo, na alishindwa kuhudhuria kwa sababu alikuwa ameanguka mtaroni kwa kunywa Uzalendo. Alikuja akiwa mwembamba, macho ya manjano, mikono ikitetemeka hata mpiga picha wetu akarudia mara sita. Kwenye hati yake ana sura ya mtu aliyepigwa picha akiwa juu ya trekta.

Alikuja na mkewe, Mama Prisca, fundi cherehani. Huyo hakusubiri kuulizwa.

"Daktari, nimempeleka kwa mchungaji. Nimempeleka kwa shangazi zake wakamweka kati siku nzima. Nimempeleka kwa mtu mmoja anayetapisha walevi kwa majani, akatapika mpaka nikaogopa, kisha akarudi baa akiwa na nafasi tumboni." Hakucheka. "Sijaja kutafuta muujiza. Nataka kujua kitu kimoja tu. Huyu mtu niendelee kumngoja, au nianze kumlilia?"

"Sijui, Mama Prisca," alisema Daktari. "Huu ni utafiti. Tungekuwa tunajua, tusingetafiti. Wapo watakaosaidika na wapo ambao hawatasaidika, na mumeo sijui yuko upande gani. Nitakachokuahidi ni kwamba sitamwacha peke yake chumbani, na sitakudanganya nitakachokiona."

Nilikuwa nimefanya kazi serikalini miaka kumi na moja na sikuwa nimewahi kusikia mtu mwenye ofisi akisema "sijui". Nikatafuta kwenye fomu mahali pa kuliandika neno hilo. Hapakuwepo.

Daktari akawaeleza utaratibu. Kwanza moyo na ini vipimwe. Kisha Mwalimu alazwe wiki tatu atolewe pombe mwilini kwa usalama, huku wakizungumza kila siku. Baada ya hapo dawa mara mbili, mwezi mmoja katikati, na mazungumzo mengine kwa miezi.

"Kwa hiyo dawa yenyewe ni siku mbili tu," alisema Mwalimu Gervas. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. "Zilizobaki zote ni maneno."

"Ndiyo, Mwalimu. Kazi kubwa ni hayo maneno."

Kisha nikampa Fomu ya Maono aijaze. Ilianza hivi: "Mimi, mtajwa hapo juu, naahidi kwamba katika safari yangu sitamwona kiongozi yeyote aliye madarakani, na iwapo itanibidi nimwone, nitamwona akiwa na afya njema." Mwalimu aliisoma mpaka mwisho, akaomba kalamu nyekundu, akasahihisha mkato mmoja na tahajia mbili, akatia sahihi kwa kuushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto.

*

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, zamani kilikuwa stoo ya kreti. Daktari alitundika pazia la buluu, akaweka kitanda, beseni na redio ya kaseti yenye muziki wa marimba wa taratibu. Mama Prisca alishona kitambaa cha kufunika macho kwa kipande cha sare ya shule kilichobaki. Wizara ilisisitiza wimbo wa taifa uwemo katika muziki. Daktari aliupiga mwanzoni kabisa, kabla ya dawa, ili Mwalimu asimame akiwa bado ana uhakika na miguu yake.

"Madhumuni ya safari?" nikauliza.

"Kuacha pombe."

"Fomu ina biashara, matembezi na masomo."

Akafikiri. "Andika masomo."

Saa tatu na dakika kumi asubuhi akameza vidonge viwili kwa maji. Nikagonga: AMETOKA.

Kwa nusu saa ya kwanza hakikutokea kitu, nami nikaanza kusinzia. Kisha Mwalimu akasema sakafu inapumua. Nikainama kuikagua, kwa kuwa ni mali ya serikali. Ilikuwa sawa. Baadaye akacheka kidogo, akaeleza kwamba ramani zote alizowahi kuzichora ubaoni zilikuwa zinatiririsha mito ya kweli. Baadaye akaanza kulia.

Nimesimama uwanja wa ndege miaka mingi, nimeona watu wakilia wakisindikiza mama zao kwenye matibabu, wachumba wao, watoto wao. Hicho kilio kilikuwa kingine. Kilitoka kana kwamba kilikuwa kimefungiwa mahali kwa miaka, na sasa mtu amesahau kufunga mlango. Nilingoja Daktari amwambie "nyamaza, jikaze, wewe ni mwanaume," kama ambavyo ningemwambia mimi. Hakumwambia. Alimshika mkono akasema, "Nipo, Mwalimu." Baada ya muda akasema tena, "Nipo." Ilichukua saa mbili nzima, na kwa saa mbili hizo neno lake lilikuwa hilohilo.

Kati ya kilio na kilio Mwalimu alisema jambo ambalo wajibu ulinilazimisha kuliandika: alimwona mtu mnene amekaa juu ya kisima. Nikaandika: mtu mnene, kisima. Nikapigia mstari.

Saa tisa na nusu alasiri alivua kitambaa, akaomba uji. Nikagonga: AMEINGIA.

"Mwalimu, una chochote cha kutangaza?"

"Aibu," alisema. "Nilikwenda nayo nyingi. Nadhani nimerudi na kidogo."

Nikatazama kitabu cha ushuru. Aibu haitozwi. Nikamruhusu apite.

Alikunywa uji wake taratibu, huku Daktari akingoja. Kisha akaanza kusimulia, na hapo hakuwa anazungumza kwa ajili ya kamati wala mimi.

"Kidato cha Tatu B," alisema. "Wanafunzi arobaini na mmoja. Siku moja niliingia darasani nimelewa, nikakaa, nikalala juu ya meza. Vipindi viwili. Nilipoamka walikuwa wamekaa kimya, wananitazama. Daktari, ule ukimya umenifukuza miaka tisa. Kila nikikaa bila pombe nausikia. Nilijua walikuwa wananidharau mpaka wakakosa hata la kusema."

"Na leo?"

"Leo nimerudi mle ndani. Nimekaa nao dawati la nyuma. Nikaona mwalimu mkuu anapita dirishani, na binti mmoja wa mbele, Veneranda, ameweka kidole mdomoni, anawaonyesha wenzake." Akaweka kidole chake mdomoni. "Walinyamaza ili mkuu asisikie. Daktari, watoto wale walikuwa wananificha. Vipindi viwili, watoto arobaini na mmoja, hakuna aliyekohoa."

"Unajua kama ndivyo ilivyokuwa kweli?"

"Sijui. Lakini mkuu hakuingia siku ile. Hilo nalijua."

Mama Prisca alikuwa amekuja kumchukua na amesimama mlangoni. Aliingia, akakunja kile kitambaa cha sare mara nne, akakitia kwenye mkoba.

*

Baada ya miezi minane Daktari alitoa matokeo. Kati ya kumi na wawili, watano walikuwa hawanywi kabisa. Watatu walikuwa wanakunywa kidogo kuliko zamani. Wanne walikuwa vilevile, na mmoja kati ya hao wanne alisema njozi zilimtisha na hataki kuzisikia tena. Daktari aliyaandika yote hayo bila kuficha, akaongeza kwamba watu kumi na wawili ni wachache mno kuthibitisha lolote, na kwamba anaomba kuendelea na watu mia mbili, ambao tayari walikuwa wamejiandikisha.

Ripoti isingemsumbua mtu kama mwenye baa ya mtaani kwa Mwalimu Gervas asingeandika barua Wizarani kulalamika kwamba mteja wake wa kudumu anapita mbele ya baa, tena mchana, tena akimsalimia. "Anafanya kusudi," ilisema barua. Kamati ya Kitaifa ya Maono ikaitwa haraka, chini ya uenyekiti wa Mheshimiwa Leodgar Chambulilo mwenyewe, na mbele yake ikawekwa karatasi yangu yenye mstari.

"Mwalimu," alianza Mheshimiwa, "unakiri kwamba ulimwona mtu mnene?"

"Nakiri."

"Amekaa wapi?"

"Juu ya mdomo wa kisima, mheshimiwa. Watu wamekuja na ndoo, yeye amekalia kisima, anawaambia maji yamekwisha."

Wajumbe wanne wakaanza kuchunguza dari. Sijapata kuona mtu akiepukwa kutazamwa kwa uangalifu kama alivyoepukwa mwenyekiti dakika ile.

"Alikuwa na leso?" aliuliza Mheshimiwa polepole.

"Sikuona leso."

"Alifanana na nani?"

Makamu mwenyekiti aliruka. "Mheshimiwa, kwa niaba ya wajumbe naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba hakuna hata mmoja wetu anayemfahamu mtu anayefanana na mtu huyo."

"Alikuwa mimi," alisema Mwalimu Gervas.

"Wewe ni mwembamba kama fimbo ya kuonyeshea ramani!"

"Ndiyo, hata mimi nilishangaa. Lakini niliijua sauti yangu. Na wenye ndoo walikuwa mke wangu na binti yetu Prisca."

Wajumbe walishusha pumzi hata karatasi zikapeperuka mezani. Kikao kikaahirishwa kwa mapumziko ya chai, ambayo kwa kanuni za Wizara ni bia.

Waliporudi walikuwa wachangamfu zaidi, na Mheshimiwa akageukia jambo la pili.

"Daktari Malibiche, katika ombi lako uliahidi kuripoti madhara ya kudumu."

"Ndiyo, mheshimiwa. Hatukuona."

"Hukuona? Watu watano uliwapokea wakiwa na uwezo kamili wa kunywa. Umewarudisha hawawezi. Kama dawa ingewaondolea uwezo wa kutembea ungeita nini?"

"Mheshimiwa, wanaweza kunywa. Hawataki."

"Vema," alisema Mheshimiwa kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Basi wathibitishe. Jumamosi, mbele ya waandishi wa habari, kila mmoja atakunywa glasi moja ya Uzalendo. Moja tu! Wote watano wakinywa, itadhihirika kwamba dawa yako haina madhara, na nitasaini kibali cha watu mia mbili palepale mezani. Akikataa hata mmoja, dawa ni hatari kwa wananchi, na utafiti umefungwa."

Nilikiri moyoni kwamba uamuzi huo ulikuwa wa haki. Kilichonishangaza ni kwamba Daktari, mwanamke niliyemwona akikaa saa sita bila kutikisika, alishika ukingo wa meza.

*

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulijaa. Meza ilifunikwa kitambaa cha rangi za taifa, juu yake glasi tano zikitoa povu. Daktari aliwekwa benchi la nyuma na kuelezwa kwamba haruhusiwi kuzungumza na washiriki.

Wa kwanza kuitwa alikuwa fundi bomba mmoja mwenye mabega mapana. Mdogo wake alikuwa wa kumi na moja katika orodha ya wale mia mbili, na kila mtu ukumbini alilijua hilo. Alisimama mbele ya glasi kwa muda, akaiangalia kama mtu anayeangalia maji ya mto ambao lazima auvuke. Kisha akafumba ngumi moja, akainywa yote bila kupumua. Watu wakashangilia. Alirudi kukaa na hakushangilia na mtu.

Wa pili kuitwa alikuwa Mwalimu Gervas.

Alikwenda, akaishika glasi. Mkono haukutetemeka, na wapiga picha wakasogea. Akaigeuza, akainusa.

"Usinywe, Mwalimu," ilisema sauti kutoka benchi la nyuma.

"Daktari anaingilia utafiti wa serikali!" alisema makamu.

Mwalimu hakugeuka. "Nikikataa wanaufunga, Daktari."

"Najua."

"Na wale mia mbili?"

"Najua, Mwalimu. Usinywe."

Mama Prisca alikuwa upande wa kushoto, karibu nami. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili na midomo yake inakwenda bila sauti. Sikumsikia anasema nini. Nilidhani anasali, baadaye aliniambia alikuwa anahesabu mishono, kama afanyavyo akiwa na hasira.

Mwalimu akaiweka glasi chini, taratibu, pale ilipoacha alama ya maji kwenye kitambaa.

"Mheshimiwa, mimi nimeharibika," alisema. "Andikeni."

"Umeharibika vipi? Eleza waandishi wasikie."

"Nikiinusa hii, nasikia harufu ya bia. Basi. Zamani nilikuwa nasikia ikiniita jina. Andikeni pia kwamba jana nilikula chakula cha usiku na nakumbuka kilikuwa kisamvu. Andikeni kwamba mke wangu ameanza tena kunigombeza. Alikuwa ameshaacha, mheshimiwa. Alikuwa ananipita tu kama kabati."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akanyamaza ghafla kama aliyejigundua.

Mwalimu hakurudi kwenye kiti chake. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi bomba, akamwinua kwa kwapa, akamwambia, "Twende nje, ndugu yangu. Twende tukae." Wakatoka, na Daktari akatoka nyuma yao bila kuomba ruhusa.

Wale watatu waliobaki hawakuitwa, maana jibu lilikuwa limepatikana. Zikabaki glasi nne. Sheria yetu inakataza kumwaga bidhaa ya taifa, hivyo Mheshimiwa Chambulilo akasimama, akaeleza kwamba atatoa mfano wa afya njema. Akainywa ya kwanza. Akainywa ya pili kabla povu la kwanza halijakauka mdomoni. Kwa ya tatu ilibidi ashike glasi kwa mikono miwili, leso ikiwa imeanguka chini, na msaidizi wake akasogea kusimama kati yake na kamera. Ya nne sikuiona ikinywewa. Niliona tu kwamba baadaye haikuwepo.

*

Utafiti ulifungwa Jumatatu. Daktari Malibiche alisimamishwa kazi, na vidonge vilivyosalia vikatiwa kwenye sefu ya Ulinzi, ambao waliandika: "Tumeona." Fundi bomba alirudi wodini siku ya tisa.

Ili kuwalinda wananchi, Wizara ikatunga tangazo la tahadhari, likasomwa redioni mara tatu kwa siku, kabla ya matangazo ya vifo na baada ya habari za michezo: "Wananchi mnaonywa dhidi ya dawa hatari ya uyoga inayotolewa na baadhi ya madaktari. Imethibitishwa kwamba mwanaume aliyeitumia alipoteza kabisa uwezo wa kunywa pombe, akaanza kurudi nyumbani kabla ya giza, akakumbuka alichokula, na mpaka sasa hajapona. Mkiona dalili hizi toeni taarifa."

Tangazo liliandikwa kwa ustadi na sijui lilikosea wapi. Asubuhi ya siku ya pili walikuwepo wanawake sita kwenye geti la Wizara. Siku ya nne walikuwa themanini. Wengine walikuja na waume zao wamewashika mkono, wengine walikuja na kaka, na yupo bibi mmoja aliyekuja na mkwewe amembeba kwenye baiskeli. Wote waliuliza swali moja: hatari hiyo inapatikana wapi?

Wizara ikaagiza waandikishwe, ili wajulikane wanaohitaji kulindwa zaidi. Nikapewa meza na stuli nje ya geti. Foleni iliendelea kurefuka, na haikuweza kutawanywa, kwa sababu kupanga foleni katika Tulizana ni jambo halali, na kwa kweli ndilo tunalolijua zaidi.

Daktari alianza kuja kila asubuhi akiwa na debe la maji ya kunywa. Alipita kati ya watu, akakaa nao chini, wakazungumza. Nilipeleka taarifa juu, nikajibiwa kwamba mazungumzo hayamo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku. Baada ya wiki Mwalimu Gervas naye alikuwepo, amekaa kwenye ukingo wa mtaro, watu kumi na zaidi wamemzunguka. Wengine waliotoka hapo walikwenda baa moja kwa moja. Wengine hawakwenda. Fundi bomba alipotoka wodini mara hii alikuja moja kwa moja foleni, mdogo wake yupo mbele yake.

Siku ya Alhamisi alifika mwanamke mwenye miwani mikubwa ya giza na kitenge cha bei. Alisimama mbele ya meza yangu, akatazama nyuma, akatazama jengo la Wizara, ghorofa ya juu.

"Jina la mgonjwa?" nikauliza.

"Lazima jina?"

"Fomu inataka."

Mama Prisca alikuwa karibu, anagawa vikombe. Akamgusa begani. "Sema tu, dada," alimwambia. "Hapa kila mtu ameshalisema la kwake."

Mwanamke akainama mpaka nikasikia pumzi yake.

"Leodgar," alisema.

Nikaandika. Nikangoja. Fomu ina nafasi ya jina la ukoo na nafasi ya wadhifa, nami nikamwonyesha kwa kalamu.

"Na cheo chake?"

"Cheo usiandike," alisema. "Cheo hakiumwi."

Nikampa namba mia tatu na kumi na mbili. Aliipokea, akaikunja vizuri ndani ya kiganja, akaenda kusimama nyuma ya fundi bomba. Naye akasogea kidogo kumpa nafasi kwenye kivuli.